Senene Juu ya Lastiki

Mimi nikisema kitu nimesema. Watu wa mtaa wetu wa Kibeta wanalijua hilo, na yule mteja aliyewahi kunirudishia gauni akidai limembana, ilhali ni yeye aliyenenepa, analijua zaidi. Kwa hiyo siku niliposema mbele ya watu kwamba senene wa Mwalimu Bashiri akifika mwisho wa lastiki mimi nitakwenda Muleba kwenye sendofu ya Annastella, tena nitacheza mpaka viatu vikatike, kila aliyesikia alielewa maana yake. Siendi.

Annastella ni binti wa mdogo wangu Apolinary. Kwa mama yetu tumebaki wawili tu, mimi na yeye, na yeye nimembeba mgongoni mpaka mgongo ukamzoea. Ina maana Annastella hana shangazi mwingine. Na kwetu Wahaya, binti hatoki chumbani kwenda kuagwa mpaka shangazi amshike mkono. Nguo yake ya ubatizo nilishona mimi. Ya komunyo ya kwanza, mimi. Sare zake zote mpaka kidato cha sita, mimi. Satini nyeupe ya gauni lake la kuagwa, mita saba, ilikuwa kabatini kwangu tangu yuko kidato cha pili, nimeifunga kwenye shuka ili isipigwe na mwanga.

Basi Jumapili moja nafungua simu, nakuta Apolinary ameandika kwenye kundi la WhatsApp la kamati: "Gauni la sendofu tutakodi Mwanza. Suala hilo limefungwa."

Kukodi! Mwanza! Na mimi, fundi wa miaka thelathini na moja, niko hapa Bukoba nimekaa na sindano yangu! Nilitoka kwenye kundi papo hapo, wote waone imeandikwa kwamba Vestina ametoka. Jioni Apolinary akapiga simu, sisi wawili tukapandishiana sauti kama tulivyokuwa tukigombania ndizi mbivu utotoni.

"Kama hutaki kuja usije," akasema. "Nitatafuta shangazi mwingine."

"Katafute," nikamwambia. "Sokoni wanauzwa kwa fungu."

Annastella naye alipiga mara tatu wiki ile. Sikupokea. Hasira hasara, nimelisikia hilo tangu darasa la pili, lakini mtu mwenye hasira hakumbuki methali, anakumbuka gauni.

Jumanne ya wiki yenyewe ya sherehe ndipo senene alipoingia. Banda langu la ushonaji liko mjini, karibu na soko, na ukuta wake mmoja ni wa duka la Mwalimu Bashiri. Mwalimu anauza nyuzi, zipu, vifungo na lastiki za kila upana. Amefundisha hesabu sekondari miaka thelathini na minne, akastaafu, lakini hesabu zenyewe zilikataa kustaafu. Ukinunua vifungo sita atakuuliza unaweza kuvipanga kwa njia ngapi.

Ilikuwa Novemba na senene, panzi wetu wa kuliwa, walikuwa wameshuka. Shamsa, anayeshona kwenye cherehani ya pili, alikuwa amekuja na ndoo yake ili awatoe mbawa wakati hakuna wateja. Kagaruki wa bodaboda alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri suruali. Mwalimu aliniletea lastiki ya sketi za shule, akaitandaza juu ya meza ya kukatia ili tuipime, na hapo senene mmoja akaruka kutoka ndooni akatua juu ya lastiki. Shamsa akanyoosha mkono.

"Msimguse!" Mwalimu akapaza sauti. "Huyu amekuja kufundisha."

"Amekuja kukaangwa, Mwalimu," akasema Shamsa.

"Kwanza afundishe. Sikilizeni. Lastiki ni mita moja, na haikatiki hata uivute mpaka Kemondo. Senene yuko mwanzo, anataka kufika mwisho. Kila dakika anatembea sentimita ishirini na tano, habadilishi mwendo. Ila kila dakika ikiisha, mimi naivuta lastiki yote, inaongezeka mita nzima. Inakuwa mita mbili, halafu tatu, halafu nne, hivyo hivyo bila kukoma. Je, atafika?"

Kagaruki alicheka mpaka benchi likalia. "Anatembea robo mita, wewe unaongeza mita nzima! Waitu Mwalimu, huyo atazeeka njiani."

"Atafika," akasema Mwalimu.

"Hafiki," nikasema mimi.

"Fundi, haba na haba hujaza kibaba."

"Kibaba gani, Mwalimu, ambacho kila ukitia punje chenyewe kinapanuka?"

Wote walicheka, na mimi nilifurahi, maana wiki hiyo sikuwa nimemshinda mtu yeyote. Mwalimu akachukua karatasi yangu ya kukatia vielelezo, akaandika sehemu baada ya sehemu, moja juu ya mbili, moja juu ya tatu, akataja jina la mambo hayo kwa Kiingereza, akapiga mstari chini na kutuangalia. Tulimwangalia na sisi. Hakuna aliyeelewa kitu. Kagaruki akamuuliza kama hiyo karatasi inaweza kumsukuma senene. Mwalimu akaanza upya, jasho likimtoka, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kupata nguvu. Hapo ndipo nikagonga meza kwa mkasi na kusema yale maneno ya Muleba na viatu.

Shamsa na Kagaruki wakatazamana. Habari za gauni la Mwanza walizijua wote, nilikuwa nimewaeleza mwenyewe, zaidi ya mara moja.

"Fundi, umeapa?" akauliza Mwalimu taratibu.

"Sijaapa. Nimesema. Kwangu ni kitu kimoja."

Senene alikuwa ameshakamatwa na Shamsa. Jioni tulimla pamoja na wenzake, na nilimwambia Mwalimu kwamba kweli amefika, tena tumboni.

Jumatano hapakuwa na jipya. Kagaruki alikuwa amesambaza habari kwenye kijiwe chao, na vijana walipita wakiniuliza senene yuko wapi sasa. Nikawajibu bado yuko Kemondo, njiani. Tulicheka sana. Usiku nilipofungua kabati kutafuta khanga, mkono ukagusa lile shuka lenye satini, nikafunga kabati bila khanga.

Alhamisi nilikuwa na sketi sitini za shule ya msingi, zote za lastiki kiunoni. Kwa asiyejua, kazi yenyewe iko hivi. Lastiki ni fupi kuliko kiuno cha sketi. Ukiishona tu kwa kukisia, upande mmoja utajaa marinda na mwingine utakuwa mtupu. Kwa hiyo unaigawa lastiki mara nne, unatia alama za chaki. Unakigawa kiuno mara nne, unatia alama. Unabana alama kwa alama kwa pini, kisha unashona huku unaivuta lastiki ili robo yake ilingane na robo ya kitambaa. Nimemfundisha Shamsa hivyo, na kabla yake nimefundisha wasichana kumi na mmoja. Nawaambia wote maneno yaleyale: vuta bila wasiwasi, robo itabaki robo.

Nilikuwa kwenye sketi ya ishirini hivi. Pini yenye kichwa chekundu ilikuwa kwenye alama ya robo ya kwanza. Nikaishika lastiki mwanzo na mwisho, nikaivuta. Na pini ikaenda mbele.

Nikaiachia, ikarudi. Nikaivuta tena, ikaenda. Haikutembea yenyewe, ila ilichukuliwa, ikabaki palepale kwenye robo yake. Nikainuka. Nikakaa.

"Mama, umechomwa?" akauliza Shamsa.

"Endelea na kazi yako."

Nilikuwa nimekosea, na nilikuwa nimekosea kwenye kitu ambacho mikono yangu inakifanya kila siku ya Mungu. Siku zote hizo nilimfikiria yule senene amesimama kwenye sentimita yake ya ishirini na tano huku njia ikikimbia mbele yake. Kumbe lastiki ikivutwa, inavutwa yote, na ile ya nyuma yake pia. Aliyesimama kwenye robo anabebwa na robo yake. Kilichobaki mbele kinarefuka, ni kweli, lakini sehemu aliyokwisha kuipita hairudi kuwa deni tena. Hakuna mvuto wa Mwalimu unaoweza kumnyang'anya.

Nilichukua chaki nikagawa lastiki nyingine, safari hii mara nane, nusu robo nane. Nikaanza kumtembeza senene kwa kidole. Sketi arobaini zikanisubiri. Shamsa alinitazama kwa pembe ya jicho, akaendelea na cherehani yake. Nilipomaliza mara ya kwanza sikuamini, nikarudia. Mara ya pili kidole kilipofika mwisho wa lastiki, nilisikia uso wangu unacheka peke yake.

Niseme ukweli, maana hapa ndipo penyewe. Ningeweza kunyamaza. Mwalimu na karatasi yake hakuwa amemshawishi mtu. Bukoba nzima ilikuwa upande wangu. Ningeshona sketi zangu, Jumamosi ingepita, Annastella angetoka chumbani akiwa ameshikwa mkono na shangazi wa kuokoteza, na mimi ningebaki na ushindi wangu hapa Kibeta. Lakini fundi anayejua mshono umekwenda upande, akaupiga pasi juu yake na kumpa mteja, huyo si fundi. Mimi nikiona umekwenda upande nafumua, hata kama ni saa ya mwisho. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo nililijua pale pale pini iliposogea. Nilikuwa nimeshindwa, na nilifurahi. Nilitaka kwenda Muleba. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sikuwa na mlango wa kupitia isipokuwa huo.

Ijumaa, baada ya Mwalimu kurudi kutoka msikitini, nikamwita. Nikamwita na Kagaruki, kwa sababu alichokisambaza lazima akisambaze upya. Nikatandaza lastiki mezani, na alama zake za chaki.

"Nusu robo nane," nikasema. "Nikiivuta, zinabaki ngapi?"

"Nane," akasema Shamsa haraka. "Zinakuwa ndefu tu."

"Basi. Lastiki ni mita moja. Dakika ya kwanza senene anatembea robo, kwa hiyo amepita alama mbili. Mwalimu anavuta. Senene yuko wapi?"

"Kwenye alama ya pili," akasema Kagaruki, na nikaona amejishangaa mwenyewe.

"Sasa ni mita mbili, na kila nusu robo ni sentimita ishirini na tano. Dakika moja, anapita alama moja. Tatu. Inafuata mita tatu, halafu mita nne. Hata tukisema zote ni nne, nusu robo ni nusu mita, na yeye ana dakika mbili za kutembea. Anapita alama nyingine. Nne. Dakika ya tano mpaka ya nane, lastiki haizidi mita nane. Nusu robo haizidi mita moja, na ana dakika nne, robo mita kila moja. Amepita nyingine. Tano."

"Ya tisa mpaka ya kumi na sita," akadakia Shamsa, ameshaacha cherehani. "Nusu robo ni mita mbili, na dakika ziko nane. Sita!"

"Ya kumi na saba mpaka ya thelathini na mbili?"

"Saba!"

"Kutoka hapo mpaka ya sitini na nne?"

Kidole changu kilikuwa kwenye alama ya nane, mwisho wa lastiki, na Kagaruki alikuwa anakiangalia kama vile kina mbawa. Halafu akaangua kicheko, akapiga benchi, akasema, "Waitu! Amefika! Yule mdudu amefika!"

Mwalimu Bashiri alivua kofia yake akaiweka mezani. Macho yake yalikuwa na maji.

"Kwa hesabu kamili ni dakika ya thelathini na moja," akasema. "Wewe umempunguzia kila mahali na bado amefika. Fundi, nimefundisha miaka thelathini na minne. Umelijuaje hili?"

"Nashona sketi za shule, Mwalimu."

Alicheka mpaka akaomba maji ya kunywa. Ni Shamsa aliyekumbuka, huyo hasahau kitu. Akaniangalia kutoka juu mpaka miguuni, akasimama hapo miguuni.

"Mama, una viatu gani vya kuchezea?"

"Najua nilichosema," nikamjibu. "Kesho tunafunga. Na wewe na Mwalimu mnakuja, nisije nikaambiwa sikucheza."

Jumamosi tulitoka Bukoba mapema, Shamsa amejipamba kuliko bibi harusi, Mwalimu katika kanzu niliyompigia pasi mwenyewe. Mpaka Kemondo niliongea. Baada ya Kemondo nikawa nahesabu migomba. Nilikuwa nafikiria huyo shangazi mwingine, amevaa nini, ameshika mkono gani. Nilijiambia nikimkuta nitakaa nyuma na wageni, nitakula ndizi zangu, nitacheza kama nilivyosema na nitarudi. Nilijiambia hivyo mara nyingi, maana sikuwa najiamini.

Kwa Apolinary turubai zilishafungwa katikati ya migomba, ngoma zinapashwa moto, lubisi, pombe yetu ya ndizi, inazunguka. Watu waliponiona wakaanza kunong'onezana. Sikusalimia wengi. Nilipita moja kwa moja mpaka chumba cha ndani, nikasukuma mlango.

Annastella alikuwa amesimama peke yake, amevaa gauni la Mwanza. Na mimi, Mungu anisamehe, kabla ya kumtazama uso nilitazama mshono. Nikazunguka nyuma, nikakagua zipu, nikainama nikageuza pindo. Nilitafuta kosa kwa moyo wangu wote. Halikuwapo. Lilikuwa limemkaa vizuri kabisa.

"Limekukaa," nikasema, pindo bado mkononi.

"Shangazi," akasema, "kwenye harusi ya Evelyne, wakati anatoka chumbani, ulikuwa wapi?"

Nikafikiri. "Jikoni, napiga pasi mtandio wake. Ulikuwa umekunjamana."

"Na ya kaka Rutaihwa?"

"Mke wake alikanyaga pindo. Nilikuwa nalishona upya."

"Hujawahi kumwona bibi harusi hata mmoja akitoka. Kila sherehe ya ukoo huu wewe uko chumba cha nyuma, pini mdomoni. Mimi ndiye niliyemwomba baba akodi gauni. Nilitaka shangazi yangu aje mikono mitupu, anishike." Akafuta jicho kwa uangalifu, asiharibu poda. "Niliandika yote kwenye kundi, maneno marefu. Nilipotuma ulikuwa umeshatoka. Nikapiga, hukupokea."

Nilikaa kitandani. Nililia na nilicheka, sijui nilianza na kipi.

"Na huyo mwingine?" nikauliza. "Shangazi aliyetafutwa?"

"Mwingine yupi? Baba aliulizwa na kamati nzima, akasema kiti chako kitakaa hivyo hivyo, kitupu. Tangu asubuhi yuko pale kwenye lango, ati anaangalia maegesho. Shangazi, gari lenyewe ni moja tu."

Niliinuka, nikamshika mkono. Mkono wangu haukuwa na sindano wala chaki wala futi, na kwa muda sikujua niuwekeje. Yeye ndiye aliyeubana vizuri. Tukatoka. Vigelegele vikapaa, ngoma zikapokea, na wanawake wa Muleba wakaja mbele yetu wakicheza kinyumenyume, kila tukisogea hatua wanarudi hatua, na ile njia fupi ya kutoka mlangoni mpaka kwenye viti ikawa haiishi. Sikuwa na haraka. Kwa mara ya kwanza nilimwona bibi harusi akitoka, na alikuwa wangu. Nyuma kabisa nilimsikia Mwalimu Bashiri akihesabu dakika kwa sauti.

Apolinary alikuwa amesimama mwisho wa zulia, koti limemkaa upande. Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa anajitahidi kuonekana mkali.

"Dada," akasema, "nilijua hutafika."

"Hata mimi nilijua," nikamwambia.

Nikamnyoosha koti, nikamkabidhi binti yake, kisha nikaenda katikati ya turubai kwa ajili ya ile nusu nyingine ya maneno yangu. Kiatu cha kushoto kilikatika kabla hata chakula hakijaandaliwa. Cha kulia nilikimalizia na mdogo wangu.